Binti yangu anakwenda Yogyakarta: adabu ya Kijava aanze kufundishwa wapi?

Mwalimu wa Ujiji (Kigoma)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, na wakubwa wangu shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili kwa wageni hapa Kigoma, na huu ni mwaka wangu wa 11 katika kazi hiyo. Wanafunzi wangu wengi ni watafiti wanaokuja kwa ajili ya ziwa na misitu, pamoja na watumishi wa mashirika yanayohudumia wakimbizi upande wa Kasulu na Kibondo. Leo, hata hivyo, nimekuja kama mzazi mwenye swali, ingawa nakiri kwamba swali lenyewe limenichokoza hata katika kazi yangu.

Binti yangu amepata nafasi ya kukaa mwaka mmoja Yogyakarta, katika kisiwa cha Java, kwa ufadhili wa Darmasiswa, ule ambao serikali ya Indonesia huutoa kwa wageni wanaotaka kusoma lugha na sanaa za huko bila kutafuta shahada. Atasoma gamelan, muziki wa jadi wa huko. Darasani watatumia Kiindonesia, na hicho ameshakianza. Lakini nyumba atakayofikia ina bibi mzee ambaye, kwa tulivyoelezwa, mazungumzo yake yote ya nyumbani ni ya Kijava. Tukamtafutia mwalimu wa Kijava anayemfundisha kwa simu mara mbili kwa juma. Binti huegemeza simu kwenye kopo la sukari juu ya meza, nami nikipita pale hujifanya natafuta miwani ili nisikilize.

Somo la pili ndilo lililonisimamisha. Mwalimu alimpa swali moja dogo, “umeshakula?”, kwa namna mbili. Kwa rafiki wa rika lako unasema “Kowe wis mangan?” Kwa mtu mzima wa kuheshimiwa unasema “Panjenengan sampun dhahar?” Nilidhani nimesikia vibaya, kwa sababu hapakubaki hata neno moja lililofanana: “wewe” limebadilika, “umeshaku-” limebadilika, na kula kwenyewe kumebadilika. Kisha binti, kama mwanafunzi yeyote, akajibu kwa neno lile lile aliloulizwa: “Kula sampun dhahar.” Mwalimu akacheka kwa upole, akamkataza. Mtu hajisemei “dhahar”, kwa kuwa hilo ni neno la kula kwa wakubwa. Wewe mwenyewe, hata ukiwa unazungumza na mkubwa, unasema “Kula sampun nedha”. (Hilo “kula” la mwanzo, msichanganyikiwe, maana yake ni “mimi”.)

Kwetu mambo si hivyo. Mzee ukitaka kumheshimu unamwamkia shikamoo, unamwita mzee au mama, unasema “naomba” badala ya “nataka”, lakini kitenzi chenyewe hukigusi: mtoto anakula na mkuu wa mkoa anakula. Labda kufa peke yake, ambako sote hukimbilia kufariki.

Swali langu ni hili. Mwalimu wa binti anataka miezi mitatu ya kwanza iwe ya “ngoko”, yaani ile lugha ya kawaida ya watu wa rika moja, na lugha ya heshima, “krama”, ije baadaye. Mjava mwingine tuliyemwomba ushauri anasema mgeni asiiguse ngoko kabisa mpaka awe ameiva katika krama. Nani kati yao ana haki? Na hata akianza kwa lipi, adabu hufundishwaje bila kugeuka orodha ya maneno? Nauliza kwa sababu nimeona kwa macho yangu jinsi orodha inavyoshindwa. Mwaka jana nilikwenda Kibirizi na mwanafunzi wangu, kijana mpole tu, ambaye darasani alikuwa amepata alama zote za maamkizi. Tulipofika kwa mama mmoja anayeanika dagaa, mwanamke wa miaka sabini hivi, yule kijana alimnyoshea mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa na chupa ya maji, akamwambia kwa furaha kubwa: “Mambo, bibi!” Shikamoo aliijua. Ila kwa muda wa miezi miwili watu waliokuwa wakimsalimu kila asubuhi walikuwa vijana wa boti, na vijana wa boti humwambia mambo.

Nyota ya Malagarasi (Kasulu)

Mwalimu, marahaba na wewe ikiwa ulinikusudia, na hongera kwa binti.

Nilikaa Surakarta, mji ambao wenyewe huuita Solo, kwa miaka miwili, nikijifunza utengenezaji wa batiki. Kutoka hapo hadi Yogyakarta ni kama kilomita 60, na watu wa miji hiyo miwili ndio wanaohesabiwa kuwa na Kijava cha adabu kuliko wengine, kwa sababu ni miji ya makasri. Kwa hiyo binti yako anakwenda kwenye kina. Angekuwa anakwenda Surabaya ningemwambia asihofu sana, maana huko watu husema kwa mkato na hawachukii.

Kisa cha kijana wako wa Kibirizi ni changu mimi mwenyewe, isipokuwa changu kilichukua wiki tano. Mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa akiniuliza kila asubuhi, “Wis mangan, Nduk?”, yaani umeshakula, binti? Nami nilijibu “Wis, Bu”, nimeshakula, mama, nikijiona nimejua lugha. Aliniuliza ninakwenda wapi kwa maneno ya ngoko, nikayahifadhi. Siku moja nikamkuta mume wake, mtu mzima mwenye mvi, amevaa tayari kwa safari, nikamwuliza kwa sauti ya kuchangamka: “Pak, kowe arep menyang ngendi?” Hakunikaripia. Alinyamaza kidogo, akanijibu kwa Kiindonesia kwamba anakwenda ofisini, na tangu siku hiyo kwa muda mrefu hakunisemesha Kijava tena. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kuhamia Kiindonesia ndiko kulikuwa kunikaripia. Nilipaswa kumwambia “Panjenengan badhe tindak pundi?”, au niache “panjenengan” nimwite tu Bapak, kwa maana huko, kama huku, jina la udugu ni salama kuliko “wewe” ya aina yoyote.

Kwa hiyo mimi niko upande wa anayesema krama kwanza. Tena si krama yote, maana hiyo ni bahari. Mwezi wa kwanza binti afundishwe ile inayotumika mlangoni, njiani na sokoni, na mengi ya hayo yatamjia kwa urahisi kwa sababu ni mtoto wa nyumba ya Waswahili. Ukifika mlangoni mwa mtu unasema “Kula nuwun”, na aliye ndani hukuitikia “Mangga”. Hiyo ni hodi na karibu, wala hana haja ya maelezo zaidi, wakati Mzungu niliyesoma naye alihitaji wiki nzima kuelewa kwa nini asigonge mlango tu. Ukipita mbele ya wazee waliokaa unasema “Nuwun sewu” au “Nderek langkung”, unainama kidogo na kuuteremsha mkono wa kulia, na unapunguza mwendo. Ukiitwa jina na mkubwa, huitikii “Apa?”, kwa kuwa hiyo ni sawa na mtoto kumjibu mama yake “Nini?”, unaitikia “Dalem”. Binti yako ameitikia “Abee” tangu ana miaka miwili, basi afundishwe kwamba “Dalem” ni “Abee” yao, na somo limekwisha.

Sokoni naye asinyoshe kidole. Wajava huonyesha kitu kwa kidole gumba, vidole vingine vimekunjwa, mkono wa kulia. Pale Beringharjo, soko kubwa la Yogyakarta, mgeni anayeuliza “Pinten, Bu?”, bei gani, mama, huku gumba likielekea kitambaa ameshapata nusu ya heshima kabla hajasema neno la pili.

Mnyanyembe Mstaafu (Tabora)

Dada Nyota amesimulia vizuri sana, na sina la kumpinga katika habari za hodi na kidole gumba. Naomba hata hivyo nimtetee mwalimu wa binti, kwa kuwa nadhani anajua anachokifanya. Mimi nilifundisha isimu hadi nilipostaafu, na nilisoma Leiden, Uholanzi, ambako Kijava kimesomwa kwa vizazi vingi kwa sababu ya ule utawala wao wa kikoloni. Nilikaa chumba kimoja na Mjava kwa miezi 18, kwa hiyo nusu ya nisemayo ni ya kitabuni na nusu ni ya chumbani.

Watu husikia habari za ngoko na krama wakadhani ni lugha mbili. Si mbili. Sarufi ni moja, na maneno yaliyo mengi hayana umbo la heshima hata kidogo. Buku ni buku kwa mfalme na kwa mchunga bata. Yanayobadilika ni maneno mia kadhaa, lakini kwa bahati mbaya ni yale yanayotumika kila dakika: mimi, wewe, ndiyo, hapana, hii, nini, kwenda, kulala, nyumba, namba. Hata viambishi vinabadilika, kwa mfano “di-” ya kutendwa huwa “dipun-”, na “-e” ya umilikaji huwa “-ipun”, kiasi kwamba “omahe”, nyumba yake, kwa krama ni “griyanipun”. Mtu akiijua ngoko, krama anaivalisha juu yake neno kwa neno. Akianza na krama peke yake amepewa nguo bila mwili.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na dada Nyota ameigusa bila kuisema. Binti atasemeshwa kwa lugha gani? Yule bibi wa nyumba hatamsemesha krama mtoto wa kuweza kuwa mjukuu wake. Atamsemesha ngoko, kwa mapenzi kabisa. Asiyejua ngoko atakaa pale kama kiziwi. Mtoto wa Kijava masikio yake ni ya ngoko na kinywa chake kwa wakubwa ni cha krama, na hivyo ndivyo mgeni naye anavyopaswa kuwa.

Naomba niongeze jambo moja ambalo walimu wengi hulipita haraka, na ndilo lililomkwaza binti katika “dhahar”. Kuna mizani miwili, na haipimi kitu kimoja. Mzani wa kwanza unamtazama unayezungumza naye: rafiki, ngoko, mkubwa au mtu usiyemjua, krama. Mzani wa pili unamtazama unayemtaja, awepo au asiwepo. Sikilizeni sentensi hii ambayo yule mwenzangu wa chumbani aliwahi kumwambia mdogo wake kwa simu: “Bapak wis kondur.” Baba ameshakwenda nyumbani. “Wis” ni ngoko, kwa sababu anayeambiwa ni mdogo wake. Lakini “kondur” si ngoko. Kwa ngoko kurudi nyumbani ni “mulih”, na kwa krama ya kawaida ni “wangsul”. “Kondur” ni neno la juu, krama inggil, kwa sababu anayerudi ni baba. Katika maneno matatu mdogo mtu amepewa ukaribu na baba amepewa heshima, na baba mwenyewe hayupo wala hasikii. Sasa turudi kwa binti. Alipojisemea “dhahar” hakukosea mzani wa kwanza, kwa maana “kula” na “sampun” zilikuwa sawasawa. Alikosea wa pili: alijitaja mwenyewe kama mtu anavyomtaja babu yake.

Vile vile yapo maneno ya kujishusha. Mkubwa akiniambia jambo, yeye “ngendika”; mimi nikimwambia, mimi “matur”. Mkubwa akinipa kitu, hiyo ni “paring”. Mimi nikimpa, ni “caos”. Ndiyo maana kushukuru ni “matur nuwun”, ambapo neno la kwanza ni lile la mdogo anayesema kwa mkubwa. Hata sisi Wanyamwezi tuna kipande cha hayo, ijapokuwa ni kidogo: rafiki yako asubuhi unaweza kumwambia “wangaluka”, lakini mzee ni “mwangaluka” kwa wingi, hata akiwa peke yake chini ya mwembe.

Mwisho, asitishwe sana na makasri. Ngazi hizi zilistawi pamoja na dola ya Mataram, ambayo mwaka 1755, kwa mkataba wa Giyanti, iligawanywa kati ya Surakarta na Yogyakarta, na si Wajava wote waliozipenda. Mwaka 1917 kulianzishwa huko Surabaya vuguvugu lililoitwa Djawa Dipa ambalo lilitaka krama iachwe na watu wote wasemeshane ngoko, kwa hoja kwamba lugha ya ngazi huzaa watu wa ngazi. Halikushinda. Lakini watu wa Banyumas hadi leo husema ngoko yao waziwazi na kujivunia, na wazao wa Wajava waliopelekwa Suriname kufanya kazi mashambani kuanzia 1890 huzungumza zaidi ngoko, nao hawakosi adabu kwa sababu hiyo.

Kijana wa Isevya (Tabora)

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza kwa unyenyekevu: kwa nini asitumie Kiindonesia tu na kila mtu? Nimesoma kwamba vijana wa Indonesia waliokula kiapo cha umoja mwaka 1928 walichagua lugha iliyotokana na Kimalei, ingawa Wajava ndio waliokuwa wengi kuliko wote, na kwamba mojawapo ya faida zake ilikuwa kukosa ngazi hizi. Mgeni si atakuwa salama zaidi?

Nyota ya Malagarasi (Kasulu)

Marahaba, mdogo wangu. Atakuwa salama, ndiyo, na nikwambie kwamba hata vijana wengi wa Kijava hufanya hivyo hivyo: wanaogopa kukosea krama mbele ya babu, basi wanasema naye Kiindonesia. Shuleni katika Java ya Kati, Java ya Mashariki na Yogyakarta Kijava ni somo, lakini somo ni jambo moja na kinywa ni jambo lingine. Kwa ofisini, hospitalini na darasani, binti atumie Kiindonesia bila wasiwasi. Swali la Mwalimu, hata hivyo, lilikuwa la bibi wa nyumbani. Mgeni akikaa Ujiji mwaka mzima akamsalimu bibi yako kwa Kiingereza fasaha kila asubuhi, hajamvunjia mtu heshima. Ila naye bibi hatamwita jikoni.

Mzee wangu Mnyanyembe, shikamoo. Hoja yako ya masikio na kinywa nimeikubali, na nadhani tunakaribiana kuliko tulivyoanza. Hofu yangu ni moja tu: anayefundishwa ngoko kwa miezi mitatu, kinywa nacho kinaizoea. Ngoko ni nyepesi. Ulimi ukishaionja hautaki kupanda tena.

Mwalimu wa Ujiji (Kigoma)

Nawashukuru sana. Mmenifungua macho, na kwa kweli jana usiku nilimwandikia mwalimu wa binti kumwuliza kuhusu ile mizani miwili, akanijibu kwamba alikusudia kuifundisha mwezi wa nne. Nimemwomba aivute mbele.

Sasa limebaki fundo ambalo kila nikilishika linanirudia. Mzee Mnyanyembe anasema binti atasikia ngoko na atapaswa kujibu krama. Kujifunza lugha, kwa uzoefu wangu, ni kuiga. Unamwiga anayekusemesha. Hapa tunamtaka mtu aseme kile ambacho hakuna anayemwambia. Ukilitazama vizuri ndilo jambo lile lile la shikamoo: mgeni wangu mwenye miaka 25 watoto wa mtaani humwamkia shikamoo, wazee humwambia hujambo, na vijana wenziwe humwambia mambo. Katika hizo tatu, anayoipokea kwa mzee siyo ya kumrudishia mzee, na ile inayomfaa mzee anaisikia kwa watoto tu. Wajava wenyewe wanamfundishaje mtoto?

Nyota ya Malagarasi (Kasulu)

Mwalimu, hapo umegonga penyewe, na jibu lake nililiona kila siku kwa miaka miwili kabla sijajua kwamba lina jina. Wenyewe huita “mbasakake”.

Katika ile nyumba palikuwa na mjukuu wa miaka mitatu. Mama yake akitaka kumlaza, humwambia “turu”, lala, ngoko tupu, kwa sababu ni mwanawe. Lakini akitaka anyamaze kwa sababu baba amelala, hamwambii kwamba baba “turu”, ijapokuwa yule baba ni mume wake na wakiwa wawili huweza kusema naye atakavyo. Anamwambia “Bapak lagi sare”, kwa lile neno la juu. Anasema kile ambacho mtoto anapaswa kukisema. Anaazima nafasi ya mtoto, anasimama mahali pa mtoto, anaangalia juu, na kutoka hapo anamwita mume wake kwa heshima ambayo yeye mwenyewe wala hadaiwi. Vivyo hivyo mgeni akimwuliza mtoto kama ameshakula, mama humnong’oneza jibu la krama sikioni, mtoto naye hulitoa nusu nusu, na wote hucheka. Kisha husogezwa mbele akautwae mkono wa mgeni na kuugusisha usoni, ambako huko huitwa “salim”.

Sisi si ndivyo tunavyofanya? “Mwambie babu shikamoo.” Mama hamwamkii mtoto shikamoo, wala mtoto hajawahi kuambiwa neno hilo na mtu mkubwa, ameazimwa. Hakuna mtoto wa Kasulu aliyeijua shikamoo kwa kuwaiga wanaomsalimu. Kila mmoja alishikwa bega na mtu akaambiwa mwambie.

Mgeni hana huyo wa kumshika bega. Mwalimu wake humsemesha kama mwalimu anavyomsemesha mwanafunzi, na katika kitabu mazungumzo yamechapwa upande kwa upande bila kusema nani amesimama chini na nani amekaa juu. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwalimu wa binti ni kwamba asiwe mzungumzaji tu. Awe yule mama. Amwambie: sasa mimi ni bibi wa nyumba, nakuuliza kwa ngoko, “Wis mangan, Nduk?”, kisha aache kuwa bibi, aje upande wa binti, amwambie jibu la kumpa bibi, “Sampun, Mbah”, au kama bado, “Dereng, Mbah”, kisha arudi kuwa bibi. Inachosha, najua. Mwalimu wangu wa pili kule Solo alikuwa akihama kiti kabisa, kiti cha bibi na kiti changu, na ndiye aliyenifundisha zaidi ya wote.

Mnyanyembe Mstaafu (Tabora)

Marahaba, dada. Nimeshindwa, na nimeshindwa kwa viti viwili.

Nitaomba jambo moja tu lihifadhiwe. Daftari la binti likatwe kwa mstari katikati, kushoto aandike anayoyasikia na kulia aandike anayoyasema, kila siku, wala asiandike tafsiri ya Kiswahili kati yake. Akiandika “kula” mara tatu kwa maneno matatu tofauti, baada ya mwezi mmoja hatajua lipi ni la nani. Akiandika “bibi alisema, mimi nikasema”, kila neno litabaki na mwenyewe.

Na amwulize mapema mwalimu wake habari za “sampeyan”. Kwa Surabaya ni “wewe” ya heshima ya kutosha. Kwa Yogyakarta inakaa katikati, inafaa kwa muuza mboga au dereva, lakini bibi wa nyumba anaweza kuiona imepungua. Ajabu yake ni kwamba neno hilo hilo, katika lugha ya juu, maana yake ni mguu wa mtu mkubwa. Nasi wazee wetu hutuambia kwamba shikamoo asili yake ni kushika miguu. Mjava na Mswahili wote wawili walipotafuta pa kuanzia heshima waliangalia chini.

Tena ajihadhari na “inggih”. Ni ndiyo ya krama, tamu mdomoni, lakini wenyewe wana msemo, “inggih-inggih boten kepanggih”, yaani ndiyo ndiyo nyingi na jambo halionekani. Akialikwa, au akimwomba fundi amtengenezee kitu, “inggih” aichukue kama “nimekusikia”. Sisi watu wa Tabora hatuna cha kuwacheka hapo.

Mwalimu wa Ujiji (Kigoma)

Naleta habari fupi. Mwalimu wa binti amelikubali jambo la viti, ila kwa kuwa yuko kwenye simu, anahama upande wa skrini: akiwa kushoto ni bibi, akiwa kulia ni mnong’onezaji. Ngoko inaendelea kufundishwa, lakini ya kusikia. Kinywa kimepewa krama ya mlangoni na sokoni, pamoja na yale maneno manne ya kusema na kupeana. Wiki hii wako kwenye namba, na nimemsikia akikosea kati ya “lima” na “gangsal”, tano ya ngoko na tano ya krama, mpaka mama yake, aliyekuwa akichambua mchele, akamsahihisha bila kuinua uso.

Nami nimeanza kwa wanafunzi wangu. Jumatatu tulirudi Kibirizi, kwa mama yule yule wa dagaa, na yule kijana. Sikumwambia chochote njiani. Tulipofika nilisimama nyuma yake, nikamshika bega, nikasema kwa sauti ya kusikika: “Mwamkie bibi.” Akasema shikamoo. Mama akaitikia marahaba, akamtazama mtu mzima mwenye ndevu aliyeshikwa bega kama mtoto wa chekechea, akaniuliza mimi, “Huyu umemzaa lini?” Akampimia dagaa, na juu ya kipimo akamwongezea.

Swali langu la mwisho, dada Nyota, ni la binti mwenyewe. Tangu wiki iliyopita nikimwita kutoka uani ananiitikia “Dalem”. Mama yangu, ambaye tunaishi naye na ambaye masikio yake sasa ni mazito, amekasirika. Anasema mtoto amesahau abee. Je, kule Java anayeitwa na bibi huitikia kwa sauti ya kupandisha au ya kushusha? Nataka angalau lafudhi ifanane na ya kwetu, ili tuishi kwa amani mpaka siku ya safari.